Usaili wa Ajira: Tunajiandaa kwa Mtihani Usiokuwepo

Mapema mwaka 2025 Serikali iliwaita walimu kwenye usaili. Kwa miaka mingi mwalimu alihitimu, akaomba, kisha akasubiri kupangiwa kituo cha kazi. Safari hii waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi zisizofika 15,000, na kila mmoja alilazimika kupita kwenye mchujo kama waombaji wa kada nyingine. Tangu wakati huo biashara ndogo imechipuka jijini Mwanza. Katika maduka ya stesheneri ya Nyegezi, na Malimbe wanakopanga wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nimeona makaratasi yaliyobanwa kwa pini yenye maswali ya usaili na majibu yake, na makaratasi hayo hayo yanazungushwa kwenye makundi ya simu kwa bei ya sahani ya chipsi. Wanaoyanunua wanaamini kwamba usaili ni mtihani wa kukariri. Wasioyanunua, kwa kawaida, wameshakata tamaa na kusema kwamba kazi zina wenyewe.

Hoja yangu ni kwamba makundi haya mawili, ingawa yanabishana kila siku, yamekosea mahali pamoja. Yote yanauchukulia usaili kuwa mlango ambao ufunguo wake uko nje ya mwombaji mwenyewe: kwa wale ufunguo uko kwenye karatasi, kwa hawa uko mfukoni mwa mtu fulani mkubwa. Usaili unaoendeshwa kwa utaratibu hukusanya ushahidi. Jopo lina orodha ya mambo ambayo kazi inayahitaji, nalo humpa mwombaji alama kwa kila jambo alilolithibitisha kwa maneno au kwa vitendo. Asiyelielewa hilo anaweza kukesha wiki tatu akisoma na bado akaingia mikono mitupu.

Kwanza tutazame utaratibu wenyewe. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilitokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Mwombaji huingiza taarifa zake kwenye mfumo wa Ajira Portal, na akikidhi sifa zilizotajwa kwenye tangazo huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kwa baadhi ya kada hufuata usaili wa vitendo, kisha usaili wa mahojiano mbele ya jopo. Wanaofaulu mahojiano wakakuta nafasi zimejaa huhifadhiwa kwenye kanzidata, na majina yao yanaweza kuchukuliwa nafasi nyingine za kada hiyo zinapopatikana. Ndiyo maana katika matangazo ya kuitwa kazini hukutwa watu ambao walishasahau hata tarehe waliyosailiwa. Kwa wanaosema kwamba alama za mahojiano hazina maana kama hukupata nafasi siku hiyo, jambo hili peke yake lilitosha kuwafanya wafikiri tena.

Upande wa utafiti, suala la usaili limechunguzwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazikokotoa upya hesabu hizo kwa uangalifu zaidi. Kipimo chao huanzia 0, yaani alama za usaili hazihusiani kabisa na utendaji wa mtu kazini baadaye, hadi 1, yaani zinalingana nao kikamilifu. Usaili uliopangwa, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na majibu hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, ulipata 0.42 na kuongoza njia zote walizozilinganisha. Usaili wa maongezi huru, ule wa “hebu tuambie kidogo kuhusu wewe” unaoishia kwenye mpira na siasa, ulipata 0.19. Idadi ya miaka ya uzoefu ilipata 0.07, karibu na hakuna. Kwa hiyo usaili unaweza kuwa kipimo kizuri au kibovu, ikitegemea jinsi ulivyopangwa, na hata ule mzuri bado huacha nafasi kubwa ya kukosea. Anayesema usaili humtambua kila mfanyakazi bora anatia chumvi sawa na anayesema ni mchezo wa kubahatisha.

Nimewahi kukaa katika jopo la taasisi moja binafsi iliyotafuta mtunza ghala wa kituo cha kupokea samaki kandokando ya ziwa, na kisa kimoja cha siku ile kinaeleza ninachokisema kuliko ninavyoweza kukieleza kwa nadharia. Swali lilikuwa: “Tueleze siku ambayo mzigo ulioupokea haukulingana na hati yake.” Kijana mmoja mwenye shahada alizungumza dakika tatu kuhusu umuhimu wa kutunza kumbukumbu za bohari, kwa Kiingereza kilichonyooka, pasipo kutaja mzigo wowote. Baada yake aliingia kijana wa Ukerewe mwenye stashahada, sauti ikitetemeka, akatuambia kwamba alimsaidia baba yake mdogo kupokea dagaa Mwaloni, Kirumba. Hati ilisema magunia 40, yeye akahesabu 37. Aliwasimamisha wapagazi, akahesabu upya akiwa na dereva, akaandika tofauti nyuma ya hati, dereva akatia saini, kisha akampigia aliyetuma mzigo kabla gari halijaondoka. Magunia mawili yalikutwa Nansio hayajapakiwa. La tatu halikuonekana, likakatwa kwenye nauli. Fomu yetu ya alama ilikuwa na vipengele vitano: kutambua kasoro, kuithibitisha, kuiandika, kumjulisha mhusika mapema, na matokeo. Kijana huyu aligusa vyote vitano bila kujua kama vipo. Yule wa kwanza tulimpa sifuri tukiwa na masikitiko, maana huenda naye alikuwa na kisa kizuri kuliko hicho, hakukileta mezani.

Sasa tuzipime hoja. Dhaifu kuliko zote ni ya wauza makaratasi, kwamba maswali hujirudia na kwa hiyo kukariri kunatosha. Ni kweli kwamba baadhi ya maswali hujirudia: misingi ya maadili ya utumishi wa umma, muundo wa taasisi inayoajiri, majukumu ya kada husika. Hayo yajulikane, na mtu asiyejua taasisi anayoiombea kazi iko chini ya wizara gani asilalamike. Lakini karatasi iliyonakiliwa mara mia huzeeka, na aliyeikariri huzeeka nayo. Niliwahi kuazima moja nikakuta bado inamfundisha msailiwa kueleza OPRAS kama mfumo unaotumika kupima utendaji wa watumishi, ilhali mahali pake pameshachukuliwa na PEPMIS. Katika sehemu ya walimu hapakuwa na neno hata moja kuhusu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, wala mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kana kwamba mwalimu anayetafutwa atafundisha darasa la miaka kumi iliyopita. Zaidi ya hayo, wasailiwa mia moja wakitoa jibu lile lile neno kwa neno, jopo halina cha kuwatofautisha, na anayeulizwa swali la nyongeza, “ulilifanya wapi hilo?”, hubaki akitazama dari.

Hoja ya kujuana inahitaji heshima zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya maumivu ya kweli. Upendeleo upo katika ajira zetu. Rushwa ya ngono ilitungiwa kifungu chake, cha 25, katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na sheria haitungwi dhidi ya kitu kisichokuwepo. Hata hivyo, kabla ya kumtafuta mchawi tuanze na hesabu. Kwa takwimu za walimu nilizozitaja, katika kila waombaji 14 hivi mmoja tu ndiye angeweza kuajiriwa, hata kama jopo zima lingekuwa la malaika. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka huo huo wa 2025, waombaji walizidi 130,000, yaani zaidi ya 80 kwa kila nafasi. Katika msongamano wa namna hiyo watu wengi wenye uwezo watakosa kazi pasipo mtu yeyote kuwadhulumu, na kukosa kwao si ushahidi kwamba hawafai wala kwamba waliopata walibebwa. Kadiri ushindani unavyobana, ndivyo alama mbili au tatu zinavyozidi kuwa na thamani, na hizo mwombaji anaweza kuzitafuta mwenyewe. Anayeingia akiwa ameshaamini kwamba nafasi ina mtu wake hujibu kwa mkato, na matokeo yake humthibitishia alichokiamini.

Ngumu kuliko zote ni hoja ya walimu waliohitimu tangu mwaka 2015 na kusubiri, ambao baadhi yao waliunda umoja wao wa NETO na kupinga usaili hadharani. Wanasema: tulifundishwa na vyuo vinavyotambuliwa na Serikali, tukafanya mazoezi ya kufundisha, tukapewa vyeti, leo mnatupima upya kwa mtihani wa kuandika pamoja na waliotoka darasani jana, wakati sisi tumekaa miaka kumi tukiuza dagaa ili tule. Sioni jibu jepesi kwa maneno haya. Mtihani wa kuandika humpendelea mwenye kumbukumbu mbichi, na kumbukumbu mbichi si sawa na uwezo wa kukaa na wanafunzi 90 katika darasa moja la Sengerema. Wanachokosea, kwa maoni yangu, ni dawa wanayoipendekeza, kwamba aliyesubiri zaidi aajiriwe kwanza. Kama miaka ya kazi yenyewe haitabiri utendaji kwa zaidi ya 0.07, miaka ya kusubiri itatabiri nini? Kudai kipimo kinachofanana zaidi na kazi ya kufundisha kungekuwa na nguvu kuliko kudai kipimo kiondolewe, na hapo mwalimu aliyeendelea kufundisha masomo ya jioni mtaani kwake Igoma angekuwa na kitu cha kuonyesha ambacho mhitimu wa juzi hana.

Kutokana na haya, maandalizi yenye maana huanza kwenye tangazo la kazi, katika sehemu ya majukumu ambayo wengi huiruka wakikimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Kila jukumu lililoorodheshwa pale ni swali linalosubiri kuulizwa. Utafiti wa Gary Latham na wenzake wa mwaka 1980 uliyajaribu maswali ya “ungefanya nini kama”, na mwaka 1982 Tom Janz akayapa uzito yale ya “ulifanya nini ilipotokea”. Majopo ya leo, yajue au yasijue, huchota humo. Mwombaji achukue kila jukumu, alitafutie tukio moja aliloliishi, kisha alieleze kwa mpangilio: hali ilikuwaje, yeye alitakiwa kufanya nini, alifanya nini hatua kwa hatua, na mwisho ilikuwaje, kwa idadi au tarehe pale inapowezekana. Mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa husema hana matukio, lakini ukimbana kidogo utakuta alifanya fildi wiki kadhaa katika halmashauri, alijitolea katika zahanati, alikuwa mweka hazina wa kwaya, au alisimamia ujenzi wa kibanda cha mama yake. Daftari la fildi ambalo wengi hulitupa mara tu alama zinapotoka lina utajiri kuliko karatasi zote za Malimbe. Vyuo vyetu vingemsaidia sana mwanafunzi kwa kumtaka aandike humo matukio ya kazi yenyewe, badala ya “leo nilisaidia kupanga mafaili” kwa siku 40 mfululizo.

Kuna kikwazo ambacho hakizungumzwi na ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua vizuri. Nyumba nyingi za huku zimetulea tusijitaje mbele ya wakubwa. Kijana aliyefunzwa adabu huinamisha macho, husema “tulifanya” hata pale alipokuwa peke yake, na huona aibu kutamka “mimi ndiye niliyegundua kosa”. Adabu hiyo ni mali, wala sipendekezi mtu aivue mlangoni. Shikamoo kwa jopo lenye wazee haijawahi kumpunguzia mtu alama. Lakini fomu haina mahali pa kuandika “huenda ni yeye aliyefanya”. Msailiwa atenganishe kazi ya kundi na sehemu yake: “Tulikuwa wanne, na mimi nilikabidhiwa kuhesabu.” Sentensi hiyo haina majigambo, na inampa anayeandika kitu cha kuandika. Vivyo hivyo kwa lugha: matukio hayo hayo yafanyiwe mazoezi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya mtu atakayekatiza na kuuliza maswali, kwa kuwa kukisoma kisa kimoyomoyo ni jambo moja na kukisimulia mbele ya watu watano ni jambo lingine kabisa.

Kuhusu nyaraka sitasema mengi, kwani matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanajieleza. Vyeti halisi vinahitajika, hati za matokeo hazikubaliwi mahali pake, majina yanayotofautiana yanahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kila msailiwa anajigharamia nauli, chakula na malazi. Hilo la mwisho ndilo linalouma. Kupelekwa kwa usaili mikoani badala ya kumtaka kila mtu afike Dodoma kumepunguza mzigo, na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mtu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Mtu wa Ukerewe bado hutegemea ratiba ya meli na lazima alale gesti ili awahi saa moja asubuhi. Kwake yeye, cheti kilichosahaulika Nansio kinagharimu safari nzima.

Waajiri binafsi nao wana lawama yao, pengine kubwa kuliko ya Serikali. Viwanda, maduka ya jumla, shule na taasisi nyingi za mwambao huu bado husaili kwa maongezi: bosi anakaa na mwombaji, anamuuliza ametoka kijiji gani, anaipenda sura yake au haipendi lafudhi yake ya Kisukuma, biashara imekwisha. Njia hiyo ndiyo ile ya 0.19. Mbaya zaidi, hapo ndipo binti anapoulizwa kama ameolewa, ana mimba, au anatarajia kuzaa lini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, kabila, dini na mengine kadhaa, na kinamhesabu mwombaji wa kazi miongoni mwa wanaolindwa. Bosi anayeandika maswali sita yanayohusu kazi, akamuuliza kila mmoja hayo hayo na kutoa alama kabla hajamwita anayefuata, hatumii fedha ya ziada hata shilingi moja, na atapata mfanyakazi bora kuliko yule aliyempendeza kwa maongezi.

Kwa upande wa Serikali, yapo mambo mawili ambayo yangebadilisha namna watu wanavyouelewa usaili. La kwanza ni kuupa usaili wa vitendo uzito mkubwa zaidi katika kada ya ualimu: mwombaji apewe mada, aandae andalio la somo, afundishe dakika 15 mbele ya wasaili wanaopima vigezo vilivyotangazwa mapema. Kuwapima hivyo watu 200,000 haiwezekani, lakini kuwapima waliovuka mchujo inawezekana. La pili ni matokeo yenye maelezo. Aliyeshindwa akionyeshwa alama zake kwa kila kipengele, kwamba katika ujuzi wa somo alipata 18 kati ya 20 na katika kusimamia darasa alipata 6, atajua arudi kufanyia kazi nini, na hatahitaji jirani wa kumwambia kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe. Taarifa hizo tayari zimeandikwa kwenye fomu za wasaili. Kilichobaki ni kumfikishia mtu aliyelipia meli na gesti ili apimwe.